Damu ya kwanza imeganda, mama mkwe anauliza imeenda wapi

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nifate lipi. Nina miaka 23, nipo Morogoro, naishi na mume wangu na mama yake nyumba moja na hii ndo mimba yangu ya kwanza, sa hivi nina wiki 16 kwa hesabu za nesi. Kliniki ya kwanza nilienda na mume wangu nikiwa na wiki 12, tukatobolewa vidole wote wawili, majibu yakatoka pale pale na yote mazuri, nikafurahi nikajua yameisha. Kumbe bado, nesi akasema niende maabara nikatoe damu ya mshipa kwa ajili ya FBP na grupu la damu.

Anti kule maabara ndo mambo yalipoanza. Alikuwepo kijana mmoja na foleni ndefu, akanifunga mpira mkononi, akapigapiga kwa vidole viwili akasema mishipa yako imejificha, akachoma akakosa, halafu akawa anaizungusha sindano ndani kwa ndani anatafuta, maumivu niliyasikia mpaka kwenye meno. Akahamia mkono wa pili akakosa tena. Mara ya tatu akachoma nyuma ya kiganja ndo damu ikaanza kuja, lakini tone moja moja kama bomba la mtaani siku ya mgao. Na mimi nilitoka nyumbani sijanywa hata chai, jirani aliniambia kupima damu lazima ufunge. Nikaanza kusikia masikio yanavuma, jasho la baridi, giza machoni, baada ya hapo nakumbuka niko sakafuni wananipepea na kadi yangu ya kliniki.

Nikarudi nyumbani damu imevilia kwenye kiwiko, alama nyeusi kubwa kama kifuniko cha soda, mama mkwe akaiona. Kabla haijapona wakanipigia simu siku ya tatu, wananiambia dada sampuli yako imeganda tunaomba uje utoe nyingine. Mama akasimama palepale jikoni na mwiko mkononi akauliza, sasa ile ya kwanza imeenda wapi? Damu gani inaganda ndani ya chupa ya hospitali? Akasema hao ni mumiani, wananichota kidogo kidogo, mtoto atazaliwa mweupe kama karatasi, nisirudi.

Na sio kwamba ana roho mbaya Anti, yeye ndo ananipikia uji wa ulezi kila alfajiri. Ila ana jambo lake. Mdogo wake alienda kujifungua mwaka 1994, mtoto akatoka salama, damu ikawa haikati, mama anasema alikuwepo mlangoni akaona kwa macho yake mtu wa maabara anaingia na sindano anamtoa damu mdogo wake ambaye tayari anaisha kwa kutoka damu. Alfajiri akafariki. Anasema badala ya kumwongezea wakampunguzia. Akifika hapo analia na mimi nakosa la kusema.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma, kila nikimpigia anasema msikilize mama nikirudi tutaenda wote. Tarehe ya kurudi kliniki imeshapita. Sasa naomba uniambie ukweli, wanachukua damu kiasi gani, inarudi au hairudi, mtoto anapungukiwa? Ni kweli inaweza kuganda au wananidanganya? Ni lazima nifunge? Nikizimia tena itakuwaje? Na haya maneno wanayoandika kwenye vikaratasi mi siyaelewi, FBP, Hb, Rh, hakuna anayenielekeza. Na mama nimwambie nini bila kumvunjia heshima.

Mama kijacho, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya mkono na pole ya kichwa pia maana kubeba mimba ya kwanza katikati ya maneno ya watu wawili unaowapenda sio kazi ndogo. Mimi nimekaa maabara miaka 21 kabla sijaanza kujibu barua hizi, nimechoma mikono ya wazee, ya watoto wachanga, ya watu wanaotetemeka, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande ule wa sindano.

Kwanza kabisa, rudi wiki hii. Usimsubiri lori. Na siku ya kwenda kunywa chai, kula viazi au chapati, kunywa maji glasi mbili au tatu. FBP na grupu la damu havihitaji kufunga hata dakika moja. Wanaofunga ni wale wa vipimo kama sukari ya kufunga na mafuta ya mwili, na hao pia wanakaa bila chakula masaa 8 hadi 12 lakini maji matupu wanaruhusiwa, na lazima waambiwe kabla. Kama hujaambiwa na aliyekuandikia kipimo basi kula. Jirani alikutakia mema ila kipimo alichofungia yeye sio chako.

Sasa kiasi. Kile kichupa walichokujazia chenye kifuniko cha zambarau kinachukua mililita 2 mpaka 4 hivi, kikubwa sana 5. Kijiko cha chai kimoja ni mililita 5. Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini, na mjamzito mwili wenyewe unaongeza, ukifika miezi ya mwisho unakuwa umezidi kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo kabla. Kwa hiyo mwili wako sa hivi unatengeneza damu kwa kasi kuliko wakati wowote na kijiko kimoja hakiuoni. Maji ya damu yanarudi haraka sana, na chembe nyekundu kila siku zinazaliwa mpya kwenye uboho wa mifupa kwa sababu hata zikiachwa tu zinaishi siku kama 120 zinakufa zenyewe. Na mtoto ana damu yake mwenyewe, anapokea chakula na hewa kupitia kondo la nyuma, sindano iliyoko mkononi kwako haimgusi.

Ila nataka nikae kidogo kwenye neno lenyewe, maana naamini ugomvi wa hapo nyumbani nusu yake uko kwenye neno. Kiswahili chetu cha kila siku kinasema "kutoa damu" kwa vitu viwili tofauti kabisa. Mtu akienda kupima anasema nimetoa damu. Mtu akimchangia ndugu yake wodini naye anasema nimetoa damu. Huyu wa pili amelala kitandani, amewekewa sindano nene, imejaa pakiti nzima ya mililita kama 450, ndiyo ile mifuko mama anayoijua, inayokaa kwenye friji na kuwekewa mgonjwa. Kuchangia kuna masharti, uwe na miaka 18 kuendelea, uzito kuanzia kilo 50, uwe mzima wa afya, na mjamzito hachangii, hata aombe vipi anarudishwa. Sasa mama akisikia "njoo utoe damu nyingine" anaona pakiti. Sisi tunaona kijiko. Ukiongea naye usitumie "kutoa", sema nimeenda kuchukuliwa sampuli, au sema kupima, utaona hata uso wake unabadilika.

Na kijiko cha damu ya kipimo hakiuziki mwanangu, hakimfai mtu yeyote. Humo ndani tayari kuna dawa ya maabara, haiwezi kurudi kwenye mshipa wa binadamu, ikimaliza kupimwa inatunzwa muda mfupi inateketezwa.

Hiyo dawa ndo jibu la swali la mama, damu gani inaganda ndani ya chupa. Damu yoyote ikitoka nje ya mshipa inaanza kuganda, ndivyo ilivyoumbwa, ndo maana ukijikata na kisu jikoni haimwagiki mpaka iishe. Kichupa cha zambarau kina dawa inaitwa EDTA imepuliziwa ndani ukutani, ukikitazama tupu unaweza usiione. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu iliyoko kwenye damu, na bila kalsiamu damu haigandi. Lakini lazima damu na dawa vikutane haraka. Ndo maana ukichukuliwa vizuri utaona mtaalamu anakigeuza kile kichupa juu chini, juu chini, taratibu mara 8 mpaka 10, hakitikisi kama chupa ya dawa ya kikohozi, anakigeuza kama mtu anayembembeleza mtoto. Akikitikisa chembe zinapasuka, asipokigeuza inaganda. Sasa wewe damu yako imekuja tone tone, huenda ilishaanza kuganda ndani ya sindano kabla haijafika kwenye chupa, halafu mgonjwa kaanguka sakafuni, hapo nani anakumbuka kugeuza kichupa? Mimi nikisoma barua yako nilijua imeganda kabla hujaandika.

Na wakikuta kibonge humo ndani hata kidogo kama punje ya mtama hawaruhusiwi kupima, maana mashine inahesabu chembe moja moja, zile zilizonasa kwenye bonge hazihesabiki, utaambiwa chembe sahani zako, zile zinazosaidia damu kuganda, ziko chini wakati ziko sawa, uanze kulia bure. Waliokupigia simu wakasema ukweli kwamba imeganda walifanya kitu sahihi. Ningeogopa zaidi kama wangekuandikia namba za kubuni.

Kwa kuwa umeuliza maneno, ngoja nikupe na ya vifuniko maana watu wengi wanaona rangi wanadhani ni pambo. Zambarau nimeshasema, damu nzima isiyoganda. Nyekundu au njano hiyo tunaiacha igande kwa makusudi, halafu tunaizungusha kwenye mashine, bonge linashuka chini juu yanabaki maji ya njano kama mafuta ya alizeti, hayo yanaitwa seramu, tunapimia ini, figo na vingine vingi. Ukiizungusha damu ambayo haijaganda maji yake ya juu yanaitwa plazma, tofauti ni kwamba plazma bado ina vile vitu vya kugandishia. Kijivu ni cha sukari, kina dawa ya kuzuia chembe zisiendelee kula sukari humo chupani. Bluu ni cha kuangalia damu inaganda kwa muda gani, hicho lazima kijae mpaka kwenye mstari, kikipungua jibu ni la uongo. Ukichukuliwa vichupa vingi kuna mpangilio wa kipi kianze, bluu kabla ya nyekundu, zambarau na kijivu mwishoni, kwa sababu ile EDTA ni ya chumvi ya potasiamu, tone lake likirukia kwenye chupa ya nyekundu potasiamu yako itasomeka juu kama ya mgonjwa wa figo. Kwa hiyo ukiwaona wanachagua chagua chupa hawafanyi uganga, wanafata mstari.

FBP ni picha nzima ya damu, chembe nyekundu, nyeupe na sahani, zote zinahesabiwa kwa pamoja. Hb ni hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa, ndo hiyo watu wanasema "nina damu gramu 9" au "gramu 12". Mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema damu imepungua, chini ya 7 hiyo ni hatari kubwa ya kulazwa. Na hapa ndo kuna kitu kinachoniuma, manake mama anaogopa kipimo kitampunguzia mkwewe damu wakati hicho ndo kipimo kitakachomwambia kama mkwewe ana damu ya kutosha. Mtu anaweza kutembea na gramu 8 anacheka, anateka maji, uso haumwonyeshi, siku ya kujifungua anapoteza ile ambayo mwenzake angeistahimili na yeye hana akiba. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndo muuaji namba moja wa akina mama duniani mpaka leo. Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kliniki unavimeza? Meza, ila usivimeze na chai ya rangi, chai inazuia chuma kuingia mwilini, viachane hata masaa mawili. Uji wa mama uendelee.

Grupu ni lile la A, B, AB na O, na Rh ni ile alama ya chanya au hasi inayofata nyuma yake. Waafrika wengi ni chanya, hasi ni wachache, lakini kama ni wewe tunataka tujue mapema. Mama hasi akibeba mtoto chanya, damu zao zikigusana wakati wa kuzaa au mimba ikiharibika, mwili wa mama unatengeneza askari wa kupigana na damu ya mtoto, huyu wa kwanza mara nyingi anapona, anayekuja nyuma yake ndo anashambuliwa tumboni. Na kuna sindano ya kuzuia, inaitwa anti-D, inachomwa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa chanya. Sasa bila grupu nani atajua? Uko wiki ya 16, muda unao, ila sio wa kuchezea.

Nije kwa yule kijana. Hapo ulikosewa na nasema wazi kama mtu wa kada hiyo. Sisi tulifundishwa ukikosa mara mbili unaweka sindano chini unamwita mwenzako, hakuna aibu, mimi mwenyewe nimeitwa na nimeita. Na kuizungusha sindano ndani ya nyama unatafuta mshipa hapana, pale kwenye kiwiko kuna mishipa ya fahamu na mshipa mkubwa wa ateri, unaweza kumuumiza mtu mkono mwezi mzima. Mshipa hautafutwi kwa macho mwanangu, unatafutwa kwa kidole. Unafunga mpira vidole vinne juu ya kiwiko, unafumba macho ukipenda, unabonyeza na ncha ya kidole cha shahada katikati ya kiwiko, mshipa mzuri unabonyea kisha unarudi juu taratibu ukiubonyeza, kama tyubu ya baiskeli iliyojaa upepo wa wastani. Wakati mwingine hauonekani kabisa kwa juu lakini uko pale umelala. Na mpira usikae umefungwa zaidi ya dakika moja, ukipitiliza unafunguliwa mkono unapumzishwa, la sivyo damu inatuama na majibu yanabadilika.

Siku ya kurudi ukifika tu, kabla hujakaa, sema: mara ya mwisho nilizimia na nilichomwa mara tatu, naomba nilale na naomba mwenye uzoefu. Ni haki yako na mtaalamu mzuri atakushukuru. Kuzimia kule sio ugonjwa na sio damu kuisha, ni mwili kushtuka, moyo unapunguza mwendo ghafla, mishipa inalegea, presha inashuka, ubongo unakosa damu kwa sekunde chache basi unaanguka ili kichwa kiwe sawa na moyo. Ndo maana ukiwa umelala tayari mara nyingi haitokei. Ukianza kusikia masikio yanavuma kaza mapaja na makalio, kaza sekunde kumi, legeza, kaza tena, hiyo inasukuma damu juu. Ukijisikia vibaya sema mapema usivumilie kwa heshima.

Mkono uutunze uwe wa joto, vaa sweta njiani kama asubuhi kuna baridi ya Uluguru, ukifika uning'inize chini dakika mbili tatu. Wakikuambia kunja ngumi kunja mara moja ushikilie kwa ulegevu, usifungue fungue kama unakamua nguo, hiyo nayo inapandisha potasiamu. Waombe sindano ndogo ile yenye mbawa, tunaiita kipepeo, inafaa kwa mishipa midogo. Tazama wanafungua sindano mpya mbele yako, tazama spiriti inaachwa ikauke kabla ya kuchoma, ikichomwa mbichi ndo inawasha vile. Wakimaliza, bonyeza pamba mwenyewe kwa dakika 3 hadi 5 mkono ukiwa UMENYOOKA. Watu wote wanakunja kiwiko na pamba ndani, wengine tuliwafundisha sisi wenyewe zamani, kumbe ukikunja kile kitundu kinakuwa wazi na damu inavujia chini ya ngozi. Siku hiyo usibebe ndoo kwa mkono huo.

Hiyo alama uliyonayo itakuwa imeshageuka kijani au njano sasa, inaisha yenyewe. Ila kama vidole vinakufa ganzi, au unasikia kama umeme unapita mkononi mpaka leo, au pamevimba panachoma na pamekuwa pa moto, basi onyesha daktari siku hiyo hiyo utakayoenda.

Na kitu cha mwisho cha maabara, usiondoke kwenye kiti mpaka umeona jina lako limeandikwa kwenye kichupa. Wakuulize majina yako kamili wewe uyataje, wasikutajie wao ukaitikia tu, maana ukiwa na kizunguzungu unaitikia jina lolote. Grupu la mtu mwingine kwenye kadi yako ni jambo la kuua.

Sasa mama.

Usiingie kwake na maneno ya "hamjui nyie wa zamani". Hii hofu sio ya kwake peke yake, mumiani ni neno la zamani kuliko sisi wote, enzi za mkoloni watu wa Nairobi, Dar na Kampala walikuwa wanakimbia magari ya zimamoto wakiamini wanakamata watu kuwanyonya damu. Na ukifikiria, walikuwa wanakuja watu wasioongea lugha yako, wanakushika mkono, wanachukua damu, wanaondoka nayo kwenye visanduku, hakuna anayekueleza imeenda wapi. Wewe leo umechukuliwa damu na hukuelezwa kitu, mpaka umeniandikia mimi. Kwa hiyo mama swali lake ni halali kabisa, "imeenda wapi" ni swali ambalo kila mgonjwa angepaswa kuliuliza, kosa ni kwamba hakukuwa na mtu wa kulijibu.

Kuhusu mdogo wake, Mungu amrehemu. Mimi sikuwepo usiku ule siwezi kusema kilichotokea. Lakini ile sindano aliyoiona mlangoni naijua, nimeingia nayo wodi ya wazazi mara nyingi na nimekutana na macho ya ndugu kama ya mama yako. Mgonjwa anayetokwa damu hawezi kuwekewa pakiti yoyote tu ya kwenye friji, akiwekewa grupu lisilopatana naye chembe zinapasuka mwilini anakufa kwa ile damu mliyomletea kumsaidia. Kwa hiyo tunakimbia tunachukua kidogo kwake, kijiko kimoja, tunakipeleka tukakilinganishe na damu iliyopo benki tuone vinapatana, tunaita krosi machi. Yule mtu hakuja kumpunguzia. Alikuja kumtafutia. Naamini alitoka pale anakimbia. Kama damu haikupatikana, au ilichelewa, hilo ni jambo lingine na linauma, na ndo maana nakung'ang'ania ujue grupu lako sa hivi mchana kweupe na sio usiku ule watu wanakimbizana kwenye korido.

Mwambie hivyo mama, sio kwa kumfundisha, kaa naye jioni wakati anachambua mboga umwambie Anti amesema ile sindano ilikuwa inamtafutia mdogo wake damu ya kufanana naye. Halafu nyamaza, muache alie kama atalia. Miaka yote hiyo amebeba kwamba alisimama mlangoni akatazama mdogo wake ananyonywa.

Kesho yake chukua jagi la lita 5 ujaze maji, chota kijiko kimoja cha chai weka kwenye kikombe mbele yake. Umwombe aende na wewe maabara, asikae nje, aingie. Wengi wetu hatukatai, na aulize lolote, ashike kile kichupa akitazame, aone kinavyogeuzwa, na yeye ndo awe mtu wa kuhakikisha jina lililoandikwa ni la mkwewe. Na kama maabara hiyo wanakubali, naye apime grupu lake hapo hapo, ni kichupa kimoja au tone la kidole.

Mume akirudi kutoka Tunduma naye apime, na kama ana afya na kilo zake zinatosha akachangie pakiti moja kwenye kituo cha damu salama kabla siku zako hazijafika, wanaume wanaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu. Umwambie mama kwamba hiyo sasa ndo ile ya pakiti, na hiyo anatoa mwanae, sio wewe.